Kutoa bakigraundi kwenye logo bila kuacha ule utando mweupe pembeni

Najua hii umeshakutana nayo. Una logo yako safi kabisa, unaiweka juu ya bango la rangi au juu ya picha, afu inakuja na boksi lake jeupe kama stika iliyobandikwa juujuu. Unaingia kwenye programu, unakamata ile fimbo ya kuchagulia rangi, unabofya kwenye weupe, unabonyeza Delete, boksi limeondoka, unafurahi. Ukiiweka juu ya rangi nyeusi ndo unaona kumbe kuna utando mweupe umezunguka kila herufi na kingo zimekuwa kama meno ya msumeno. Wengi wanaishia hapo, wanaona ndo kawaida yake, na logo inaenda kuchapishwa hivyohivyo. Si kawaida yake jamani, na dawa ipo, ila kwanza uelewe ule utando unatoka wapi maana ukilielewa hilo moja mengine yote yanakuwa mepesi.

Ule utando unatoka wapi

Fungua logo yako, zumu mpaka asilimia 800 hivi, afu angalia ukingo wa herufi yoyote yenye mviringo. Tuseme logo ni nyekundu kwenye karatasi nyeupe. Utaona rangi haikati ghafla kutoka nyekundu kwenda nyeupe, pale katikati kuna pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyounda picha, moja au mbili za waridi. Hizo zimewekwa makusudi, bila hizo mviringo wote ungeonekana ngazi ngazi. Pikseli ikiwa nusu yake imeangukia kwenye herufi na nusu kwenye karatasi, kompyuta inachanganya rangi zote mbili, nyekundu kamili ni 255, 0, 0 na nyeupe ni 255, 255, 255, changanya nusu kwa nusu unapata kama 255, 128, 128, na hiyo ndo waridi yenyewe. Juu ya karatasi nyeupe jicho lako haliioni kama waridi, linaona ukingo laini tu. Sasa ihamishie juu ya nyeusi uone inavyowaka.

Kwa hiyo weupe unaotaka kuutoa hauko nje ya logo peke yake, mwingine umeshaingia ndani ya pikseli za ukingoni. Fimbo ya kuchagulia haijui kuutoa huo, yenyewe inajua kuchukua pikseli au kuiacha. Ukiipa kiwango kidogo inaacha waridi yote, ukiipa kikubwa inakula waridi yote unabaki na meno. Kinachotakiwa ni ile waridi irudi kuwa nyekundu halisi lakini inayoonekana nusu, ili ukiiweka juu ya nyeusi ijichanganye na nyeusi, ukiiweka juu ya kijani ijichanganye na kijani.

Hilo linawezekana kwenye PNG kwa sababu kila pikseli, ukiacha namba tatu za rangi, inaweza kuwa na namba ya nne inayosema ionekane kwa kiasi gani, kuanzia 0 ambayo haionekani kabisa mpaka 255 ambayo inaonekana yote. Namba hiyo inaitwa alfa. JPG haina alfa kabisa, ndo maana hata uhangaike vipi ukisevu kama JPG weupe unarudi. GIF inaruhusu kuonekana au kutoonekana basi, hamna nusu, na ndo sababu logo za GIF nyingi zina meno. Na kubadilisha jina la faili kutoka .jpg kuwa .png hakuongezi alfa yoyote, umebadilisha jina tu na ndani ni kilekile.

Halafu kuna zile picha za kwenye intaneti zinazoonekana zina vimraba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti, unadhani tayari haina bakigraundi, ukiishusha unakuta vile vimraba vimechorwa ndani ya picha yenyewe. Hizo achana nazo ukiweza. Kusafisha rangi mbili zinazopishana ni kazi mara mbili ya kusafisha nyeupe moja.

Kabla hujagusa chochote, tafuta faili la asili

Hapa nasisitiza sana maana watu wanaparuka. Logo nyingi za siku hizi zimechorwa kwa vekta, yaani kwa mistari ya kihesabu na si kwa pikseli, na kwenye vekta mara nyingi bakigraundi haipo kabisa au ni mstatili mmoja unaubofya unaufuta. Kwa hiyo kama unamjua aliyedizaini muulize kama ana faili la SVG, AI, EPS au hata PDF. Kama una barua au brosha ya PDF yenye hiyo logo, ifungue, zumu mpaka mwisho, logo ikibaki kali kabisa bila kuvurugika basi hiyo ni vekta, ingiza hiyo PDF kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta, chagua logo, nakili, kazi imeisha. Kama iko kwenye faili la Word la .docx, tengeneza nakala ya hilo faili, ibadilishe jina mwisho iwe .zip, ifungue, ndani yake kuna folda inaitwa word na ndani yake tena kuna media, picha zote zilizowekwa kwenye ile dokumenti ziko humo, na saa nyingine ni kubwa na safi kuliko ile uliyonayo.

Ukikosa kote huko, chukua ile yenye pikseli nyingi kuliko zote ulizonazo. Logo ya pikseli 1500 kwa upana utaihangaikia dakika tano, ya pikseli 150 utaihangaikia jioni nzima na haitapendeza.

Njia ninayoitumia mimi, kwenye GIMP

GIMP ni programu ya picha ya bure na inakubali kwenye Windows, Mac na Linux, na ina filta moja ambayo kwa kazi hii naipenda kuliko kitu chochote, inaitwa Color to Alpha. Inafanya hesabu ileile niliyoeleza hapo juu lakini kwa kurudi nyuma, unaiambia rangi ya bakigraundi ni ipi, inapita pikseli moja baada ya nyingine ikijiuliza humu kuna weupe kiasi gani, inautoa wote na kuubadilisha kuwa uwazi. Waridi inatoka pale ikiwa nyekundu ya nusu.

Fungua picha. Kwanza kabisa nenda Image, Mode, hakikisha imekaa kwenye RGB, maana kama ilikuwa GIF inaweza kuwa Indexed na filta nyingi zitakukatalia. Pili nenda Layer, Transparency, Add Alpha Channel. Hii hatua watu wanaisahau afu wanalalamika kwamba wakibonyeza Delete panajaa rangi badala ya kuwa wazi, ni kwa sababu leya, yaani tabaka la picha, haina alfa na GIMP haina pa kuweka uwazi. Tatu tengeneza nakala ya leya, ile ya asili ifiche kwa kubofya alama ya jicho, usiifute, utaihitaji ukikosea.

Sasa usikimbilie kuipiga filta kwenye picha nzima. Kama logo yako ni nyeusi tupu kwenye nyeupe haina shida, piga tu. Ila kama ina rangi nyingine, filta itatafuta weupe hata katikati ya logo. Chukua kijivu cha katikati, kwa macho ya filta hicho ni nyeusi iliyochanganywa na nyeupe nusu, kwa hiyo itakugeuzia kijivu chako chote kuwa nyeusi inayopitisha mwanga. Bluu ya mpauko inakuwa bluu kali inayoonekana nusu. Ukiiangalia juu ya nyeupe huoni tofauti yoyote, ndo hatari yake hiyo, ukija kuiweka juu ya picha unashangaa picha inaonekana kupitia kwenye logo.

Dawa ni kuifungia filta ifanye kazi ukingoni na nje tu. Bonyeza U upate Fuzzy Select, kule chini kwenye maelezo yake kuna Threshold, yaani kiwango cha rangi zinazokaribiana kuchukuliwa pamoja, kwa kawaida imekaa 15, iache hapohapo kwanza. Bofya kwenye weupe wa nje. Utaona mistari kama sisimizi wanatembea kuzunguka logo. Kama wamebaki sehemu sehemu hawajafika mpaka kwenye logo, pandisha threshold kidogo kidogo, 20, 25, kama wameingia mpaka ndani ya logo shusha. Afu nenda Select, Grow, weka pikseli 2. Hiyo inausukuma uteuzi, yaani lile eneo lililozungukwa na sisimizi, uingie kidogo ndani ya ukingo ili zile pikseli za waridi zote ziwe ndani ya eneo la kazi. Ndipo sasa uende Colors, Color to Alpha.

Kwenye kile kidirisha rangi iliyowekwa ni nyeupe. Kama picha yako ilikuwa JPG au imeskaniwa usiiamini hiyo nyeupe, tumia kile kidude cha kunyonya rangi ubofye kwenye bakigraundi yenyewe, mara nyingi utakuta ni 253 au 250 na si 255. Chini yake kuna slaida mbili. Transparency threshold ukiipandisha inasema kila kilichokaribia rangi ya bakigraundi kiondoke moja kwa moja, hii ndo inayosafisha vumbi vumbi la JPG. Opacity threshold ukiishusha inasema kila kilicho mbali na rangi ya bakigraundi kibaki kizima, hii ndo inayolinda rangi zako zisipauke pale ukingoni ambapo uteuzi umeingia ndani. Sogeza pole pole huku unaangalia, hamna namba moja ya kila logo, ila mimi huwa naanza na hiyo ya pili, naishusha mpaka naona rangi ya logo imejaa tena afu nasimama.

Bofya OK, toa uteuzi kwa Shift+Ctrl+A, na hapo tayari una logo yenye ukingo laini.

Hiyo nyeupe ya ndani, ni tundu au ni rangi?

Fuzzy Select inachukua eneo lililoungana tu. Ukibofya nje, ndani ya O, A, B, D, P na R hakuguswi, nyeupe inabaki humo. Wengi wanagundua hili baada ya kuchapisha. Shikilia Shift afu bofya kila tundu moja moja, yataongezeka kwenye uteuzi kabla hujapiga Grow. Ndiyo, kama kuna maandishi marefu madogo chini ya logo utabofya sana, ila ndo kazi.

Kuna Select by Color ambayo inachukua weupe wote wa picha kwa mpigo mmoja, rahisi sana, lakini kabla hujaitumia jiulize swali moja: hii nyeupe ya hapa katikati ni tundu au ni rangi? Tundu la O ni tundu, hilo halina ubishi, linatakiwa lionyeshe kilichoko nyuma. Ila nyota nyeupe ndani ya duara la bluu ni rangi. Mwenye logo alitaka nyota nyeupe, ukiitoa afu logo ikawekwa juu ya gari jekundu, anapata nyota nyekundu. Nimeona kazi nyingi zimeharibika hapa kuliko pengine popote, na kinachoponza ni kwamba kwenye skrini nyeupe zote mbili zinafanana. Ukiwa na mashaka muulize mwenye logo, usikisie, na kama haiwezekani kumuuliza bakiza nyeupe ya ndani ikiwa imezungukwa kabisa na umbo la rangi, toa ile iliyo ndani ya herufi.

Logo ya rangi moja ina njia fupi zaidi

Kama ni nyeusi tupu, au ni mhuri au saini uliyoiskani, usichague chochote, itumie picha yenyewe kama maski. Maski ni picha ya kijivu inayosema wapi paonekane na wapi pafichike, nyeupe inaonyesha, nyeusi inaficha, kijivu kinaonyesha kiasi. Na logo nyeusi kwenye nyeupe tayari ni picha ya kijivu, ila imegeuka tu.

Kwenye GIMP anza na Colors, Levels, ule mshale wa kulia uusogeze kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa, wa kushoto uusogeze kulia mpaka wino uwe mweusi kabisa, usizidishe mpaka ukingo ukaanza kuwa na meno. Afu Layer, Mask, Add Layer Mask, chagua Grayscale copy of layer na uweke tiki kwenye Invert mask. Karatasi inapotea palepale. Baki kitu kimoja, bofya kile kipicha kidogo cha leya, si cha maski, afu ijaze leya yote rangi unayoitaka. Ukiweka bluu unapata logo ya bluu, ukiweka nyeupe unapata logo nyeupe, ukingo uleule laini, hamna utando kwa sababu ndani ya leya hamna tena nyeupe ya karatasi hata chembe.

Kwenye Photoshop ni hivyohivyo kwa mlango mwingine. Safisha kwa Levels, nenda kwenye paneli ya Channels, shikilia Ctrl ubofye kile kipicha cha RGB, kwa Mac ni Cmd, itachagua sehemu zenye mwanga, geuza uteuzi kwa Shift+Ctrl+I ili ishike wino badala ya karatasi, afu Layer, New Fill Layer, Solid Color, chagua rangi. Maski inajitengeneza yenyewe. Ficha leya ya chini uone.

Kwa saini naona hii ndo njia pekee inayopendeza, maana mistari ya kalamu ina sehemu nzito na sehemu nyepesi, fimbo ya kuchagulia inazikata zote sawasawa saini inakuwa kama imechongwa kwa kisu.

Wenye Photoshop na logo ya rangi nyingi

Photoshop yenyewe haiji na filta kama ile ya GIMP, kwa hiyo unazunguka kidogo. Leya ikiwa inaitwa Background na ina kufuli, bofya lile kufuli liondoke. Tengeneza nakala kwa Ctrl+J, ficha ya chini. Chukua Magic Wand kwa kubonyeza W, ikija zana nyingine bonyeza Shift+W mpaka ije, pale juu Tolerance huwa 32, kwa logo safi hiyo ni kubwa, mimi huwa nashusha mpaka kati ya 10 na 20, hakikisha Anti-alias na Contiguous zina tiki. Bofya nje, Shift ukiongeza matundu, Delete, toa uteuzi kwa Ctrl+D. Utando utabaki, tulia, nenda Layer, Matting, Defringe, weka pikseli 1. Hii inachukua zile pikseli za pembeni zilizochafuka na kuzipaka rangi iliyo karibu yake kwa ndani. Kama bado jaribu 2. Palepale kwenye Matting kuna Remove White Matte na Remove Black Matte, hizo zimetengenezwa kwa kitu kilichokatwa juu ya nyeupe au nyeusi, saa nyingine zinatoa matokeo mazuri kuliko Defringe, jaribu zote afu rudi nyuma kwa Ctrl+Z.

Kama huna Photoshop, Photopea inafunguka ndani ya brauza, menyu zake nyingi zimekaa kama za Photoshop, na faili lako linafanyiwa kazi kwenye mashine yako mwenyewe bila kupandishwa kwenye seva, jambo zuri kama logo bado haijatangazwa.

Kuna vile vitufe vya kutoa bakigraundi kwa mbofyo mmoja, vya akili mnemba. Kwa picha ya mtu au kiatu vinafanya vizuri sana. Kwa logo mimi sivitegemei, vinatafuta kitu kikuu kwenye picha, kwa hiyo maandishi membamba ya chini vinaweza kuyaona uchafu vikayafuta, au vikaacha matundu ya herufi yamejaa. Ukivitumia angalia herufi moja baada ya nyingine. Na ile Set Transparent Color ya kwenye Word inatoa rangi moja tu kamili, zile za mchanganyiko inaziacha zote, kwa hiyo utando unabaki palepale.

Ile chenga chenga ya JPG

JPG inakandamiza picha kwa kuigawa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande chenye ukingo mkali kinamwaga vumbi kuuzunguka. Kwenye picha ya mandhari huoni, kwenye logo unaona madoadoa hafifu ya kijivu yamezunguka maandishi. Ukitoa nyeupe yanabaki yanaelea. Njia ya maski na Levels inayamaliza kabisa kwa logo ya rangi moja. Kwa rangi nyingi tumia Transparency threshold niliyoisema. Yakibaki machache chukua raba uyafute kwa mkono, ila raba iguse nje tu, usiipitishe ukingoni.

Tatizo ni kwamba huyaoni. Kwenye Photoshop iwekee leya Stroke, yaani mstari wa kuzunguka, nyekundu ya pikseli 3 kupitia Layer Style, kila doa lililobaki litazungukwa na duara jekundu litakuitia lilipo. Ukishayafuta, toa ile stroke. Kwenye GIMP weka leya nyeusi tupu chini, angalia, afu ibadilishe iwe ya zambarau au kijani kali, angalia tena.

Na kipimo hicho cha rangi tatu ufanye hata kama unaamini umemaliza: nyeusi, rangi moja kali, na nyeupe. Nyeusi inaonyesha utando mweupe, rangi kali inaonyesha sehemu zilizopauka zinazopitisha mwanga, nyeupe inakuonyesha kama umekula ukingo. Angalia kwa asilimia 100 kwanza, ndivyo watu watakavyoiona, afu 300. Cha kwenye asilimia 800 ambacho hakionekani kwenye 100 kisikunyime usingizi.

Ikishindikana, ichore upya

Kuna logo haziokoleki, zile za pikseli 120, zilizopigwa picha ukutani kwa pembeni, au zenye bakigraundi ya picha iliyochanganyika. Usipoteze siku. Kama ina rangi moja au mbili ipanue kwanza mara nne kwenye programu yako ya picha, iingize Inkscape, nenda Path, Trace Bitmap, kwa rangi moja tumia Brightness cutoff, kwa rangi nyingi chagua Colors na uweke tiki kwenye Remove background. Ukishatresi, picha ya zamani bado iko chini yake, isogeze pembeni uifute, wengi wanadhani haijafanya kazi kumbe wanaangalia ya zamani. Maandishi mara nyingi yatatoka yamepinda pinda, afadhali utafute fonti yenyewe uyaandike upya. Faida ni kwamba sasa una vekta, unasevu SVG, na kutoka hapo unatoa PNG ya saizi yoyote.

Na iliyopigwa picha kwa pembeni, zungushia kwa kalamu, Paths kwenye GIMP au Pen kwenye Photoshop, nukta chache kadri inavyowezekana, mviringo wa duara nukta nne zinatosha, nukta nyingi zinaleta mawimbi.

Kusevu na kutuma

Kwanza kata uwazi uliozidi, Image, Trim, Transparent Pixels kwa Photoshop, Image, Crop to Content kwa GIMP. Sevu faili la kazi lenye leya zote, XCF au PSD, afu ndo utoe PNG. Kwenye GIMP kusevu kwa kawaida hakutoi PNG, unatumia Export As, Shift+Ctrl+E. Toa kubwa, kupunguza utapunguza baadaye kutoka kwenye kubwa, kupanua ndogo hakurudishi kitu.

Toa na toleo jeupe pia, tafadhali. Logo ya maandishi meusi hata uitoe bakigraundi vizuri namna gani, ikiwekwa juu ya bango jeusi haionekani, na mtu atakurudishia kwamba umeharibu. Funga alfa ya leya, kwenye Photoshop ni kile kitufe cha / na kwenye GIMP kuna alama yake juu ya orodha ya leya, jaza nyeupe, sevu kwa jina lingine. Ila kumbuka zile nyeupe za ndani ambazo ni rangi, ukipaka kila kitu nyeupe nyota yako inamezwa na duara, kwa hiyo kwenye toleo hili nyota ndo inatakiwa iwe tundu.

Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha. Ukiituma kama picha inageuzwa kuwa JPG na uwazi wote unajazwa rangi, yule wa upande wa pili anapokea boksi lilelile uliloanza nalo, na ataamini hukufanya kazi. Mwambie pia aifungue juu ya rangi kabla hajasema chochote, maana programu nyingi za kuangalizia picha zinaweka nyeupe au nyeusi nyuma ya uwazi, na logo nyeusi juu ya hiyo nyeusi ataona giza tupu.

Kama umekwama kwenye Color to Alpha na rangi zinakataa kujaa, shida karibu kila mara ni kwamba ulipiga Grow kubwa mno, rudi kwenye nakala uliyoificha, weka 1 badala ya 2, afu anza tena kutoka kwenye Fuzzy Select.